JE, WACHEZAJI HUMPENDA MWALIMU WAO?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka, Mikese



Nimepewa dakika ishirini, na Katibu amekwisha ninong'oneza kwamba pilau iko tayari. Basi sitazunguka. Kamati iliponiandikia iliniomba nizungumze juu ya "Michezo na Nidhamu". Kichwa hicho nimekisikia mara nyingi mno katika mikutano ya namna hii, nami nikaomba ruhusa nikipunguze kiwe swali moja tu: je, wachezaji humpenda na kumheshimu kweli mwalimu wa timu yao, yaani kocha kama mnavyosema ninyi vijana, au humvumilia tu mpaka siku atakapoondolewa?

Sababu ya kulichagua swali hili mnaijua. Timu ya shule imegawanyika. Vijana wanne waliachwa nje kwa kutohudhuria mazoezi, na sasa ipo karatasi yenye sahihi kumi na moja inayoomba mwalimu wa michezo abadilishwe kabla ya mashindano ya UMISSETA. Nitairudia karatasi hiyo baadaye. Kwanza tuitazame kandanda ya nchi yetu, kwani haya hayakuanzia Mikese.

Jambo la awali ni kwamba tusiwaulize wachezaji wenyewe. Mchezaji akishikiwa kipaza sauti na mwandishi wa habari atasema mwalimu wao ni mzuri, wanafuata maelekezo yake, na wana imani kwamba watafanya vizuri mchezo ujao. Angesema nini kingine, naye Jumamosi anataka kupangwa? Na mwalimu yule akifukuzwa Jumatatu, mchezaji yule yule atasema mabadiliko yalikuwa ya lazima. Siwalaumu. Maneno ya mtu aliye chini ya mkono wa mwingine hayawezi kuwa ushahidi. Yafaa tutazame vitendo.

Pili, tutenganishe kupenda na kuheshimu. Hapa sisi watu wa Uluguru tuna mfano wetu nyumbani. Katika desturi ya Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo hali kadhalika. Baba ndiye mliyecheka naye jikoni. Mwenye kauli kubwa alikuwa mjomba, naye mjomba akikohoa uani, watoto walikaa kitako vizuri. Je, hawakumpenda? Walimpenda, ila mapenzi yale yalikuja kwa njia ndefu. Yalikuja baada ya mtoto kukua na kuona kwamba mjomba aliwapimia wapwa wote kwa kipimo kimoja, mkubwa na mdogo, mwenye maneno matamu na asiye nayo. Mjomba aliyependelea aliogopwa vile vile na watoto, lakini alipozeeka alikaa peke yake barazani.

Nichukue sasa kisa kilichotokea mbele ya macho yetu sote. Mwezi Agosti 2018 Emmanuel Amunike, Mnigeria aliyewahi kuichezea Barcelona na kuwa Mchezaji Bora wa Afrika wa mwaka 1994, ndiyo kwanza amekabidhiwa Taifa Stars. Akaita kambi. Wachezaji kadhaa, wengi wao wa Simba, hawakuripoti kwa wakati alioutaka. Akawaondoa kikosini, wakiwamo Erasto Nyoni na John Bocco, watu ambao majina yao yalijulikana hadi kwa wauza mihogo wa hapa barabarani. Mchezo uliokuwa mbele ulikuwa dhidi ya Uganda, tena ugenini. Mjini Morogoro nilisikia wazee wa kahawa wakisema kwamba huyu mgeni ameiua timu kabla hajaijua. Mchezo ukaisha 0-0.

Machi 24, 2019, Uganda wakaja Dar es Salaam kwa mchezo wa marudiano. Nyoni alikuwamo uwanjani. Simon Msuva alifunga la kwanza. Penalti ilipopatikana kipindi cha pili, aliyekwenda kuipiga ni Nyoni, akafunga. Aggrey Morris akamaliza la tatu. Tanzania ikarudi katika fainali za Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Swali la kama Nyoni alimpenda Amunike halina maana dakika ile. Mwalimu aliyemwacha nje ndiye aliyemrudisha, na mchezaji aliyeachwa ndiye aliyesimama mbele ya mpira huku uwanja mzima umeshika roho mkononi. Heshima, kama mnataka niwaonyeshe kwa kidole, ni ile.

Lakini msiharakishe kunipigia makofi. Huko Misri timu hiyo hiyo ilifungwa na Senegal 2-0, na Kenya 3-2, na Algeria 3-0, na mwezi Julai Amunike akaachishwa kazi. Heshima haimfungii mtu mabao, wala haimlindi mwalimu asifukuzwe.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Marcio Maximo, Mbrazili, alikuwa na timu ya taifa tangu 2006 hadi 2010. Sikumbuki mwalimu mwingine aliyependwa na wananchi kiasi kile. Aliwarudisha watu uwanjani, akaifikisha timu katika fainali za kwanza za CHAN kule Ivory Coast mwaka 2009. Hata hivyo kwa muda mrefu alimwacha nje Juma Kaseja, kipa ambaye wengi walimhesabu kuwa ndiye wa kwanza nchini. Maelezo yalitolewa ya kila aina, na kila kijiwe kilikuwa na lake. Kaseja aliendelea kudaka katika klabu, na Maximo alipoondoka, akaja Jan Poulsen wa Denmark, Kaseja akaitwa tena.

Mimi nasema haki ya kuchagua ni ya mwalimu, na mwalimu anayechaguliwa wachezaji na kijiwe afadhali akauze maji ya kunywa stendi. Hata hivyo, mchezaji mmoja akiachwa, wale ishirini waliobaki humtazama yeye kuliko wanavyoutazama mpira. Kila mmoja anafanya hesabu yake kimya kimya: kama ni kosa, ni kosa gani, nami nikilifanya nitaadhibiwa vivyo hivyo? Na adhabu ina mwisho? Wakipata jibu la maswali hayo wanatulia, hata kama jibu ni kali. Wasipolipata, kila mtu anatunga lake, na jibu la kutungwa siku zote ni baya kuliko la kweli.

Nitoke nje ya kandanda kidogo. Huko Marekani wana mchezo wa besiboli, ambao siku hizi umeingia hata katika baadhi ya sekondari zetu kwa msaada wa Wajapani, kwa hiyo msinicheke. Mkuu wa timu ya besiboli, wanayemwita meneja, huvaa sare ile ile ya wachezaji, hata awe mzee wa miaka 70 na kitambi chake. Katika ligi yao kubwa kila timu hucheza michezo 162 kwa msimu mmoja, karibu kila siku, leo mji huu, kesho mji ule. Maana yake wachezaji wanamwona meneja wao kuliko wanavyowaona wake zao. Wanajua akifungwa anakuwaje, akishinda anamsifu nani, na akikasirika hasira inamwangukia nani. Katika maisha ya namna hiyo mtu hawezi kujificha. Ikifika nusu ya msimu, kila mchezaji amekwisha kata shauri moyoni.

Mwalimu wa timu ya taifa hana nafasi hiyo. Anawapata wachezaji siku chache, wengine wameshuka kwenye ndege jana yake. Ndiyo sababu mwenyeji aliye karibu nao hupata uzito usioonekana kwenye karatasi. Wazee wenzangu watamkumbuka Joel Bendera, aliyekuwa katika benchi pamoja na Slawomir Wolk wa Poland timu yetu ilipokwenda Lagos mwaka 1980, baada ya lile bao la Peter Tino kule Ndola. Bendera huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa Mkuu wetu wa Mkoa hapa Morogoro, akafariki Desemba 2017. Na juzi juzi, Januari 2024 kule Ivory Coast, tuliona tena. Timu ilifungwa na Morocco 3-0 katika mchezo wa kwanza, kisha mwalimu wake, Adel Amrouche wa Algeria, akafungiwa na CAF kwa maneno aliyoyasema juu ya Morocco. Msaidizi wake, Hemed Suleiman wa Zanzibar, akashika timu katikati ya mashindano. Wachezaji wale wale wakatoka 1-1 na Zambia na 0-0 na Kongo, na mwezi Novemba mwaka huo, chini ya Hemed, wakaifunga Guinea 1-0 wakafuzu fainali nyingine. Sisemi kwamba Hemed aliwafundisha kandanda mpya kwa siku nne. Alizungumza nao kwa lugha wanayootea ndoto.

Mkoa wetu nao haukuwa nyuma. Mseto walichukua ubingwa wa nchi mwaka 1975. Reli tuliwaita Kiboko ya Vigogo, na hawakuitwa bure. Mtibwa Sugar wakawa mabingwa 1999 na 2000. Mecky Mexime alikuwa nahodha wa Taifa Stars na mchezaji wa Mtibwa kabla hajawa mwalimu wa Mtibwa hiyo hiyo. Mwalimu wa namna hii ana faida moja kubwa: visingizio vyote vya kifundo cha mguu anavijua kwa majina.

Sasa nije kwenye ugonjwa wenyewe. Katika klabu zetu kubwa, na hata katika ndogo, mwalimu huajiriwa na viongozi na hufukuzwa na viongozi, mara nyingine msimu haujafika nusu. Mchezaji analijua hilo. Anajua pia ni kiongozi gani au mfadhili gani aliyemsajili. Basi akiwekwa benchi ana mlango wa pili wa kubisha hodi, na jioni simu inapigwa. Mkitaka kujua kwa nini mwalimu mzuri anadharauliwa katika timu fulani, msimtazame mwalimu, wala msimtazame mchezaji. Tazameni kama mlango ule wa pili uko wazi. Ukiwa wazi, hata malaika hawezi kuiongoza timu hiyo.

Ndugu zangu, karatasi yenye sahihi kumi na moja haikupelekwa kwa mwalimu wa michezo. Wala haikupelekwa kwa Mwalimu Mkuu. Ililetwa kwetu, Chama cha Wanafunzi wa Zamani, kwa sababu sisi ndio tunaonunua jezi na mipira. Sisi ndio mlango wa pili.

Wapo wajumbe wa Kamati waliotaka tuijibu. Mmoja, ambaye ni rafiki yangu na ananitazama kwa jicho baya hivi sasa, alisema anayetoa fedha ana haki ya kuuliza. Namheshimu, lakini nampinga. Tukiijibu karatasi hii, hata kwa kuikataa, tumekwisha wafundisha vijana kwamba mlango upo. Mwalimu wa michezo atakayefuata, awe nani, ataingia uwanjani kila mtu akijua kwamba kauli yake inaweza kukatiwa rufani Dar es Salaam kwenye ofisi ya mtu fulani. Pendekezo langu kwa mkutano ni kwamba karatasi irudishwe bila jibu, na jezi zitolewe kwa tarehe iliyopangwa, nani awe mwalimu lisituhusu.

Nanyi wadogo zetu: huyu mwalimu mnamwona kila siku, kwani ndiye pia anayewafundisha hesabu. Mnamjua kama wale wa besiboli wanavyomjua meneja wao. Nimewasikia jana mkiigiza mwendo wake nyuma ya bweni, na nimemwona yeye akipita akajifanya hasikii. Kwetu sisi wenye watani, kuigizana ni dalili njema. Basi nahodha na wenzake wawili wamwendee, wamwulize mambo mawili tu: wale wanne walikosa mazoezi mara ngapi, na watarudi lini. Asipoweza kujibu, hapo mnalo la kusema mbele ya Mwalimu Mkuu, na mlango huo ni halali. Mwalimu, nawe nakuomba, kwa heshima, uje na daftari la mahudhurio na ulisome lote, pamoja na siku alizokosa mfungaji wenu bora. Mimi sijaliona daftari hilo. Vijana kumi na mmoja wanadhani wanajua kilichomo.

Mchezo wetu dhidi ya vijana utaanza saa kumi, jua likipungua. Tumekubaliana kwamba mwalimu huyo huyo ndiye atakayepanga pande zote mbili. Nimekwisha mweleza kwamba goti langu la kushoto linanisumbua, lakini naweza kucheza kipindi cha kwanza. Amenijibu nianzie benchi.