KANISA KUU LA UKUMBUSHO, MOMBASA
Maneno yaliyosomwa katika Mkutano wa Mwaka



Tumetakiwa kusema machache juu ya nyumba ambayo kila mtu wa kisiwa hiki huipita, na wachache husimama kuitazama. Nayo ni Kanisa Kuu la Ukumbusho la Waanglikana, lililo kando ya Barabara ya Nkrumah, njia ishukayo Ngomeni.

Ujenzi wake ulianza mwaka 1903, likawekwa wakfu mwaka 1905. Aliyechora ramani yake ni Bwana J. H. Sinclair, mtumishi wa Serikali ya Kiingereza, ambaye baadaye alichora pia Beit el Amani ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1925. Mgeni alionapo kwa mbali kanisa hili hudhani ni msikiti, kwa kuba lake la rangi ya fedha, kuta zake nyeupe, na madirisha yake yenye matao. Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mjenzi aliukuta mji wenye misikiti ya kale, kama ule wa Mandhry, naye akalivika kanisa vazi la wenyeji. Kwa hiyo halikukaa mjini kama mgeni aliyenuna mlangoni.

Sasa tuulize: ni ukumbusho wa nani? Wanaokumbukwa ni maaskofu, wa kwanza wao James Hannington, aliyefika Mombasa Januari 1885. Mwaka huo huo, huko Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa mwaka 1875, aliwapa ushemasi Waafrika wawili, Ishmael Semler na William Jones. Mwezi wa Julai alitoka Rabai na msafara wa watu wapatao 200 kwenda Uganda. Jones alifuatana naye hata kwa Sundu, mahali paitwapo leo Mumias. Hapo Askofu alimwacha na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na wapagazi wapatao 50. Huko Busoga, mwezi wa Oktoba, Askofu aliuawa, na wapagazi karibu wote pamoja naye. Aliyemfuata katika kiti, Askofu Parker, alifariki karibu na Ziwa Victoria mwaka 1888.

Februari 1886 Jones aliwarudisha Rabai waliosalia. Mbele yao ilitangulia bendera ya buluu yenye neno moja, Ikabodi, maana yake fahari imetutoka. Wake na mama walitoka kuwapokea waume na wana wao, na wengine hawakumwona waliyemngoja.

Wazee wetu, jina la Askofu tunalo, na siku ya kifo chake tunayo. Je, wale wapagazi tunawajua majina wangapi? Walibeba mizigo mabegani mwao, wakafa kifo kile kile, katika njia ile ile. Hatusemi haya ili kuwapunguzia maaskofu heshima yao. Lakini ukumbusho usiomtaja mchukuzi umekumbuka nusu ya safari.

Kwa hiyo tunaleta shauri mbele ya mkutano huu. Chama kinunue daftari moja kubwa. Waandishi wetu waende Rabai, Frere Town na hapa kisiwani, wakae chini ya wazee, na kuandika kila jina lililohifadhiwa katika nyumba zao: nani alikuwa babu wa nani, alitoka wapi, alirudi au hakurudi. Gharama yake ni ndogo, nayo kazi haingoji, kwa kuwa kila mzee tumzikaye huondoka na majina yake.

Kuta za kanisa zikipasuka, fundi atazitengeneza kwa chokaa. Jina lililosahauliwa halina fundi.