SHULE YA EALING NA WATOTO WENYE USONJI
(Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeagizwa na Halmashauri niwaeleze kwa ufupi habari za shule moja ya Uingereza iliyofunguliwa kwa ajili ya watoto wenye usonji, ili zitusaidie kulipima ombi la akina mama wanaotaka kutumia chumba cha nyuma cha ukumbi wetu asubuhi mbili kila juma.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu. Ni hali ambayo mtoto huzaliwa nayo. Waweza kumwita kwa jina asigeuke, ingawa masikio yake ni mazima. Pengine hasemi kabisa, au huyarudia maneno ya mwenziwe kama alivyoyasikia. Hupenda mambo yaende vile vile kila siku, na yakibadilika hulia kama aliyeungua. Daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo mwaka 1943.

Baadaye wataalamu kadhaa walishika neno baya, kwamba mtoto huwa hivyo kwa kukosa mapenzi ya wazazi, hasa mama. Bruno Bettelheim alilieneza sana katika kitabu chake cha mwaka 1967. Kwetu husemwa ni laana, au ni mkono wa mtu. Wao walisema ni ubaridi wa mama. Mimi sioni tofauti kubwa, maana kote mzigo alitwikwa mwanamke. Elimu ya leo imeyakataa yote mawili.

Basi mwaka 1962 wazazi wa Uingereza waliunda chama chao, ambacho leo huitwa National Autistic Society. Mmoja wao alikuwa Daktari Lorna Wing, ambaye binti yake mwenyewe alikuwa na usonji. Hawakuwa na shule. Wakati huo wengi wa watoto hao walihesabiwa kuwa hawaelimishiki, wakawekwa chini ya idara za afya badala ya elimu, na wengine walikulia hospitalini.

Aliyewafungulia mlango ni Bibi Sybil Elgar. Hakuwa daktari, alikuwa amesomea kufundisha kwa njia ya Montessori. Aliwaona watoto hawa katika hospitali moja, akasikitishwa na hali yao, na mwaka huo wa 1962 akaanza kuwafundisha katika chumba cha chini cha nyumba yake mwenyewe, mtaa wa St John's Wood, London. Naomba wazee wakiangalie sana chumba hicho. Chama kilichangisha fedha, kikapata nyumba huko Ealing, na mwaka 1965 shule ikafunguliwa, naye akiwa mkuu wake. Baadaye ilipewa jina lake.

Mafundisho yake hayakuwa na miujiza. Maneno yalikuwa machache na ya wazi. Kila kazi ilikatwa vipande vidogo. Mtoto alioneshwa kwa macho lile asiloweza kulishika kwa masikio. Na siku ilikuwa na utaratibu wake ambao haukuvurugwa. Kufunga vifungo vya shati lilikuwa somo, sawa na kusoma. Mzazi aliyefunga shati la mtoto wa miaka tisa kila asubuhi ajua thamani ya somo hilo.

Mwaka 1970 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria, na tangu 1971 hapakuwa tena na mtoto wa kuitwa asiyeelimishika. Nasi tunayo Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 54 chawapa wenye ulemavu haki ya kuingia katika mahali pa elimu. Lakini haki iliyoandikwa haina kiti wala meza.

Kisha watoto wakakua. Ndipo mwaka 1974 Bibi Elgar na wazazi walipofungua Somerset Court, makao ya watu wazima wenye usonji, kwa kuwa mzazi huzeeka, na swali la nani atamtunza mwanangu nikifa halijibiwi na shule ya watoto.

Bwana Mwenyekiti, akina mama hawakuomba fedha. Wameomba chumba, ufunguo, na ahadi kwamba mikutano yetu mingine haitawaondoa humo kwa ghafula, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Ombi lenyewe limepigwa chapa katika ukurasa unaofuata, na kura itapigwa baada ya hesabu za Mtunza Hazina.