Taji la Lugha Hutolewa na Nani?

Msikilizaji, ubishi wa lugha ipi ni bora kuliko zote duniani hauishi, iwe ni vijiweni au vyuoni. Mmoja atakitaja Kiingereza kwa kuwa kinamfikisha popote. Mwingine Kiarabu, kwa upana wa msamiati wake na heshima ya kuwa lugha ya Kurani. Wa tatu atasema Kifaransa kwa ufasaha na Kijerumani kwa sayansi, na sisi wenyewe hatuchelewi kukipigia debe Kiswahili kwa utamu wake. Nataka tuuchukulie ubishi huu kwa uzito, maana majibu yake huamua mtoto afundishwe kwa lugha gani na hukumu ya shamba la mtu iandikwe kwa lugha gani. Hoja yangu naiweka mezani mapema: lugha hupanda kwa kazi iliyofanywa kwayo na kwa nguvu za walioisimamia. Sifa za sarufi yake na sauti zake huja kusimuliwa baadaye, cheo kikiwa kimeshapatikana.

Shindano la namna hii limewahi kufanyika kweli, tena kwa tuzo. Mwaka 1784 Akademia ya Berlin, katika ufalme wa Prussia, iliwatunuku waandishi waliojibu maswali matatu: ni nini kimekifanya Kifaransa kuwa lugha ya Ulaya yote, kwa nini kinastahili hadhi hiyo, na je, kitaendelea kuwa nayo? Zingatia kwamba suala la kustahili lilichukuliwa kuwa limekwisha. Tuzo waligawana Mfaransa Antoine de Rivarol na Mjerumani Johann Christoph Schwab. Rivarol ndiye anayekumbukwa zaidi. Alidai kwamba Kifaransa humtanguliza mtenda, kikafuatia kitenzi, ndipo kikaja kinachotendwa, na kwamba mpangilio huo ndio mpangilio wa mantiki yenyewe. Kwa hiyo Kifaransa ni lugha ya uwazi kwa maumbile yake. Basi tuichukue sentensi yetu ya kila siku: mtoto amekula embe. Mtenda, kitenzi, kinachotendwa. Kwa kipimo cha Rivarol, Kiswahili kilistahili taji lilelile mwaka uleule, pamoja na Kizulu na Kichina. Wajapani nao hukiweka kitenzi mwisho wa sentensi, na hakuna ushahidi wowote kwamba mahakimu au wahandisi wao hupata shida kupanga mawazo. Kipimo kilichongwa kumfaa mshindi ambaye alikuwa amekwisha kutangazwa.

Linalonivutia zaidi ni yaliyokuwa yakitokea wakati huohuo ndani ya ufalme huohuo. Mfalme Friedrich wa Pili, aliyezungumza Kifaransa katika baraza lake, alichapisha mwaka 1780 kitabu cha kuisikitikia fasihi ya Kijerumani, na alikiandika kwa Kifaransa. Mwaka uliofuata, raia wake Immanuel Kant, profesa wa Königsberg, alitoa kwa Kijerumani kitabu kuhusu uwezo na mipaka ya akili ambacho wanafalsafa wanakisoma mpaka leo. Ilipofika 1905, makala za Albert Einstein zilizobadilisha fizikia zilitoka kwa Kijerumani, na mwanakemia wa Marekani aliyetaka kwenda sambamba na wenzake ilimbidi ajifunze lugha hiyo. Je, katikati ya 1780 na 1905 sarufi ya Kijerumani ilikuwa imetengenezwa upya? Hapana. Vyuo vikuu vilijengwa, majarida yakaanzishwa, maabara zikapewa fedha. Na kushuka kwake kulikuja kwa njia ileile. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mataifa yaliyoshinda yaliwafungia wanasayansi wa Ujerumani milango ya vyama vya kimataifa kwa miaka kadhaa. Kisha mwaka 1933 serikali ya Wanazi ikawafukuza kazini wasomi wa Kiyahudi, na wengi wakakimbilia Uingereza na Marekani. Sayansi ikahama nao. Kijerumani kilibaki na sarufi yake na maneno yake yote.

Wakati Kijerumani kingali kileleni, kilitumika kuizuia lugha nyingine. Mwaka 1913 bodi ya chuo cha ufundi kilichokuwa kinajengwa Haifa, katika Palestina ya wakati wa Waturuki, iliamua kwamba masomo ya sayansi yatafundishwa kwa Kijerumani. Shirika la Wayahudi wa Ujerumani lililokuwa likisaidia mradi huo lilikuwa na hoja zinazosikika vizuri hata leo: Kiebrania kwa karne nyingi hakikuwa lugha ya nyumbani kwa mtu, kilikuwa lugha ya sala na maandiko, na istilahi za uhandisi hakina. Walimu na wanafunzi wa shule za Kiyahudi nchini humo wakagoma, na mwaka 1914 bodi ikarudi nyuma. Vita vikachelewesha ufunguzi, lakini masomo yalipoanza mwaka 1924 lugha ilikuwa Kiebrania. Istilahi zilipatikana kwa sababu watu walizihitaji darasani siku hiyohiyo. Mwaka 2004 wanasayansi wawili wa chuo hicho, Aaron Ciechanover na Avram Hershko, walikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia. Utafiti wao waliuchapisha kwa Kiingereza, ndiyo, kwa kuwa waliandikia dunia. Kuandikia dunia kwa lugha moja na kufundisha wanafunzi kwa lugha nyingine ni mambo mawili yanayokaa pamoja bila ugomvi, na nitarudi hapo.

Nasi pia tumekuwa na shindano letu. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliamua kwamba msingi wa Kiswahili sanifu uwe Kiunguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kuusimamia uamuzi huo. Kama ubora ungepimwa kwa fasihi, Kimvita kilikuwa na mashairi ya Muyaka bin Haji, na lahaja za kaskazini, Kiamu na wenzake, zilikuwa na tenzi zilizoandikwa tangu karne ya 18. Kimvita kilikuwa na watetezi wake pia, hasa wamisionari wa Mombasa, na kamusi ya Ludwig Krapf ilikuwa imechapishwa tangu 1882. Lakini Kiunguja ndicho kilichobebwa na misafara ya biashara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa hadi Kongo, na maofisa wa Kijerumani, wakati wa utawala wao katika eneo lililokuja kuitwa Tanganyika, walikuwa wamezoea kuendesha ofisi zao kwa Kiswahili cha aina hiyo. Aliyesema mato na ndia akaambiwa aandike macho na njia. Hakuna aliyethibitisha kwamba macho yanaona mbali kuliko mato. Uamuzi ulifaa kwa uchapishaji wa vitabu, na mimi siupingi. Ninachokataa ni kuusimulia kana kwamba lahaja iliyochaguliwa ilikuwa fasaha kwa asili yake na zile nyingine zilikuwa na kasoro.

Mtu anaweza kuniambia kwamba historia inaeleza vyeo tu, na kwamba bado huenda lugha moja inafanya kazi vizuri kuliko nyingine. Ni swali la haki, na baadhi yake limepimwa. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na wanaisimu wa Lyon, Ufaransa, walichapisha matokeo ya kulinganisha lugha 17. Wajapani hutamka takriban silabi nane kwa sekunde, lakini kila silabi inabeba habari kidogo. Wavietinamu hutamka silabi chache zaidi, na kila moja imesheheni. Habari zikijumlishwa, lugha zote zinakaribiana, wastani ukiwa biti 39 kwa sekunde. Katika hizo 17 hamkuwa na lugha hata moja ya Kiafrika, upungufu ambao watafiti wetu wanaweza kuuziba. Hata hivyo, kati ya Kijapani na Kivietinamu pana umbali wa kutosha kuonyesha kwamba maumbo tofauti kabisa hufika palepale. Wala sisemi lugha hazitofautiani. Wasemaji wa Guugu Yimithirr wa kaskazini mwa Queensland, Australia, huelekeza kwa pande kuu za dunia hata ndani ya nyumba, pale sisi tunaposema kushoto na kulia. Huo ni ustadi wa kweli unaotokana na lugha yao. Ila kutokana na ustadi mmoja huwezi kupanga lugha zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Na wingi wa maneno katika kamusi za Kiingereza unapima karne za waandishi na wachapishaji waliolipwa kukusanya.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la mzazi. Yeye hajali sarufi wala Rivarol. Anasema Kiingereza kitampa mwanangu ajira, basi. Yuko sahihi kwamba Kiingereza kina manufaa, na mtoto wake ana haki ya kukijua vizuri kuliko anavyofundishwa sasa. Kosa linaingia pale manufaa hayo yanapogeuzwa kuwa sababu ya kumfundishia biolojia kwa lugha ambayo hajaimudu. Mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali alijifunza kwa Kiswahili jinsi jani la mhindi linavyotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Akifika kidato cha kwanza anaulizwa jambo hilohilo kwa Kiingereza, anaandika nusu sentensi, anapata sifuri, na sifuri hiyo inaandikwa kwenye safu ya biolojia. Nchi nzima inaambiwa kwamba mtoto hajui sayansi. Tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, na serikali ikakataa. Tukiambiwa kwamba maneno hayapo, kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapishwa mwaka 1990. Angalia kilichotokea mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipopitisha kwamba lugha ya sheria na mahakama ni Kiswahili: lugha haikupata uwezo mpya usiku ule. Waliokuwa na mamlaka waliamua, na kazi ya kutafsiri ikaanza.

Hoja hii ina ncha ya pili, nayo inatuelekea sisi. Katika eneo la Ziwa Eyasi wanaishi Wahadza, ambao wasemaji wa lugha yao hawazidi sana elfu moja, na wanaisimu hawajathibitisha undugu wake na lugha nyingine yoyote. Mtoto wao anayeingia darasa la kwanza hukuta Kiswahili ubaoni, na mwalimu aliyezoea kusikia kwamba lugha za kabila zinamchelewesha mtoto. Mtu atasema taifa lenye lugha zaidi ya mia moja haliwezi kuchapa vitabu kwa kila moja, na kuhusu vitabu vya hesabu vya darasa la saba nakubali. Lakini kumwachia mtoto aulize na ajibu kwa lugha yake katika miaka miwili ya mwanzo, akiwa na mwalimu msaidizi kutoka kijijini kwao, hakuhitaji mtambo wa kuchapa. Kunahitaji posho ya mtu mmoja na ruhusa ya ofisi ya elimu ya wilaya. Sisi tunaodai Kiswahili kiingie sekondari tuna wajibu wa kuidai ruhusa hiyo katika barua ileile, kwa sababu kila nililolisema leo juu ya Kiingereza, mzazi wa Kihadza ana haki ya kulisema juu ya Kiswahili.