Mpira wa Vikapu wa Shule na Mipaka ya Pwani
Tuitazame njia ya mpira wa vikapu wa shule za sekondari nchini Kenya kuelekea mashindano ya taifa. Mikoa iliondolewa na Katiba ya 2010, lakini mashindano ya shule bado yanaifuata. Wasichana wa Malindi wakitwaa ubingwa wa kaunti ya Kilifi, wanaingia kanda ya Pwani yenye kaunti sita, na humo wamo Kaya Tiwi wa Kwale, waliowahi kuwa mabingwa wa taifa.

Sasa, wapo wasemao ushindani huo hukomaza, na kaunti zote 47 zikienda taifa moja kwa moja, nauli atalipa nani? Hoja nzito. Lakini inauma timu kali ikitolewa mapema kwa sababu ya jirani.

Mashindano ya taifa ya vikapu ya vyuo vya Marekani yana kanda nne pia, lakini timu ya magharibi yaweza kupangwa Mashariki, ili vigogo watenganishwe. Je, sisi tupange kwa ramani au kwa uwezo?