Nani Atamshika Mtoto Wakati wa Bamvua?

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Unguja



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya mahudhurio ya wanachama kazini. Pengine mnatazamia kusikia habari za daftari na faini. Nitaanza na daftari, lakini nitaishia kwenye mbeleko, kwa sababu huko ndiko daftari lenyewe liliponifikisha.

Katika ukaguzi wa chama kimoja cha wakulima wa mwani, pwani ya mashariki, niliona jina la mwanachama mmoja limeandikwa "hayupo" kwa bamvua nne mfululizo. Katibu alipendekeza akatwe mgawo wake. Niliomba kwanza aitwe, aulizwe. Alikuja pamoja na mumewe, akaeleza kwamba ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na msichana aliyekuwa akimshika mtoto huyo ameolewa na kuondoka. Jirani yake ana kijana wa kiume wa miaka 19, aliyemaliza kidato cha nne na kuwalea wadogo zake watatu, na kijana huyo alikubali kumshika mtoto kwa malipo. Mume na mama mkwe wakakataa. Baada ya bamvua nne kupita, jamaa zao wa shamba wakawaletea msichana wa miaka 11, aliyetolewa skuli kwa ajili hiyo.

Nilimwuliza mume: "Bwana, kwa nini hukumkubali yule kijana?"

Akajibu: "Mtoto wa kiume haaminiki na mtoto mchanga, Bwana Mkaguzi."

"Na huyu wa kike, mlimwuliza nini kabla ya kumkabidhi mtoto?"

Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Hatukumwuliza kitu. Ni wa kike."

Ndugu zangu, jambo nililolijia leo limo ndani ya jibu hilo.

Sote twaijua kazi ya mwani. Tangu kilimo hiki kilipoanza kwa biashara huko Paje na Jambiani mwaka 1989, wanawake ndio waliokibeba zaidi. Mwani hausubiri, ukiachwa bila kuvunwa hukatika, ukachukuliwa na maji. Na maji ya bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwetu hutoka sana mnamo saa nne za asubuhi. Saa hiyo ndiyo saa ya skuli. Kwa hivyo kila nyumba inayosema "mtoto atashikwa na dada yake" huwa imeamua, pengine bila kujua, kwamba dada huyo hatakuwa darasani. Huko Mji Mkongwe nako, mama mwenye kazi ya ofisi au biashara Darajani aghalabu huagizia msichana kutoka shamba au Pemba. Bahari imo huku na haimo kule, lakini desturi ni moja: anayetafutwa ni wa kike, na umri wake hauulizwi sana.

Wako watakaosema kwamba hiyo ndiyo mila, na kazi za ndani hazikuwa za wanaume kamwe. Si kweli. Wakati wa ukoloni, katika nyumba za maofisa wa Kizungu, mpishi, mfuaji na mpiga pasi alikuwa mwanamume, na hata akiota mvi aliitwa "boi". Mtafiti Janet Bujra, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2000, ameeleza jinsi kazi hizo katika Tanzania zilivyohama kidogo kidogo kutoka mikononi mwa wanaume kwenda kwa wanawake. Lililohama mara moja laweza kuhama tena.

Mimi nimezaliwa Mji Mkongwe. Mama yangu alishona kofia, na kofia ya viua haishoneki na mtoto mapajani. Kila alasiri, nikitoka chuoni, nilimbeba mdogo wangu wa kike kiunoni nikampeleka Forodhani mpaka jua likazama. Hakuna aliyeshangaa, kwani nilikuwa kaka yake. Kumbe basi mtoto wa kiume huaminiwa na mtoto, alimradi awe wa nyumba ile ile, na alimradi halipwi.

Hata hivyo, sikuja kuwacheka wazazi wenye khofu. Khofu yao ina sababu mbili, na zote zastahili kujibiwa.

Sababu ya kwanza ni sitara ya nyumba. Kijana ambaye si maharimu hawezi kuachwa ndani pamoja na mke au binti wa mtu. Hili ni la haki, wala sioni haja ya kulipinga. Lakini tazameni: hili lahusu mahali pa kulelea, halihusu tabia ya kijana. Mtoto akilelewa barazani, mbele za watu, sitara ya nyumba haiguswi.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni khofu ya mtoto kudhalilishwa. Hapa nawaomba tusifumbe macho. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi wa ukatili dhidi ya watoto, Bara na Zanzibar, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2011. Kwa upande wa Zanzibar, katika vijana wa miaka 13 hadi 24 walioulizwa, takriban wasichana 6 na wavulana 9 katika kila 100 walisema walifanyiwa udhalilishaji wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Zingatieni hesabu hiyo. Sisi tumezoea kumwona mtoto wa kiume kuwa ndiye hatari, ilhali yeye mwenyewe yumo miongoni mwa wanaodhuriwa, na wala si kwa uchache. Na yule msichana wa miaka 11, anayelala nyumba ya watu mbali na mama yake, nani anamlinda? Tunamchunguza mlezi kwa kutazama ni wa kiume au wa kike. Tukisharidhika na hilo, tunafunga mlango na kuondoka. Khofu ya namna hiyo haimlindi mtoto yeyote. Yamtuliza mzazi tu.

Sasa niwaeleze chama kile kilifanya nini. Suala lilipelekwa mbele ya mkutano wa wanachama, likajadiliwa kwa muda mrefu na si bila ya maneno makali. Mwishowe waliafikiana kwamba siku za bamvua watoto wote wadogo wakusanywe katika baraza ya ghala la chama, mahali pa wazi karibu na njia. Mlezi mkuu awe bibi mmoja mtu mzima, ambaye ndiye atakayewaosha na kuwabadilisha nguo. Msaidizi wake akachaguliwa yule kijana wa miaka 19. Wakakubaliana pia kwamba mlezi yeyote asiwe chini ya miaka 18, umri ambao Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu mtu kuwa bado mtoto. Na kwamba asibaki peke yake na mtoto pahali palipofungwa. Malipo hutolewa na kila mama anayeleta mtoto, na huandikwa.

Yule msichana alirejeshwa kwao, akaingia darasani akiwa amekosa muhula mzima. Mwanachama wetu amerudi kwenye kamba zake za mwani. Mama mkwe hakuridhika. Kila bamvua huja kukaa kwenye baraza ile, akamtazama kijana kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wengine walimlalamikia. Mimi niliwaambia wamwache, tena wamshukuru. Jicho lile ndilo ulinzi wenyewe, na lingefaa kumtazama kila mlezi, wa kike na wa kiume.

Ndugu Makatibu, nawaachia mambo matatu. Kwanza, kabla ya kupendekeza mwanachama mwanamke akatwe mgawo kwa utoro, mwulizeni nani anamshika mtoto wake. Pili, lileteni suala hili katika mkutano, liandikwe katika kumbukumbu, kwani haliwahusu kina mama peke yao. Tatu, anapotafutwa mlezi, ulizeni umri wake, waliomwona akilea, mahali atakapolelea na nani atakayemtazama. Hayo yakijibiwa vizuri, kijana wa kiume asikataliwe kwa uume wake. Yakikosa jibu, msichana naye asikubaliwe kwa uke wake.

Wazee wetu wamesema, mkono mmoja haulei mwana. Hawakusema kwamba mkono wa pili sharti uwe wa kike.