Serikali Ikishindwa Kortini, Nani Amlipe Wakili?



Nimeombwa niseme habari ya mafao, hasa gharama za wakili. Sisi ni watu wa reli, lakini nyumbani tuna wazazi na wake waliotumikia Serikali, na wako waliopunjwa malipo ya uzeeni. Mtu huogopa korti akisema, "Nitashinda pensheni, kisha wakili aile yote." Hofu hiyo si ya kipumbavu.

Katika Kenya, kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai chasema gharama hufuata matokeo ya kesi, isipokuwa jaji aone sababu njema ya kuamua vingine. Basi hati ya madai izitaje gharama tangu mwanzo. Isome mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Ukishinda, bili hupelekwa kwa msajili wa mahakama, naye huikagua mstari kwa mstari. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi huumia. Kiasi anachokikubali si lazima kitoshe ada unayodaiwa na wakili wako. Tuseme wakili anakudai shilingi 150,000, na Serikali imeamriwa kulipa 100,000. Zile 50,000 zatoka katika mafao yako. Kwa hiyo patana naye kwa maandishi, na kila senti uitakie risiti. Akikuambia, "Usitoe kitu, tukishindwa hunilipi," jihadhari naye. Mapatano ya kulipwa kwa kushinda tu yamekataliwa na Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46.

Tena msidhani dalali atakwenda kulikokota gari la Wizara. Mimi naona jambo hili halina haki, kwa sababu mfanyakazi akidaiwa hunyang'anywa mali yake. Lakini ndivyo kilivyo kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali: mali ya Serikali haikamatwi. Wangoja siku 21 tangu amri, au mpaka bili ikaguliwe, lolote litakalochelewa. Kisha waomba korti hati ya malipo, na nakala wampelekea Mwanasheria Mkuu. Korti ikiagiza, gharama huandikiwa hati yake mbali.

Wizara ikinyamaza, warudi kwa jaji kuomba amri ya kumlazimisha afisa mhasibu, yaani Katibu wa Wizara, alipe. Akiipuuza, aweza kuitwa ajibu kwa kuidharau korti. Njia hii ni ndefu, na wazee wengine hufa wakingoja. Ndiyo maana karatasi zisikae kwa mtu mmoja. Mke ajue zilipo, na mtoto mkubwa ajue.

Mwenye barua ya kukataliwa mafao asiichane. Ailete ofisi ya tawi pamoja na bahasha yake, muhuri wa posta uonekane, maana siku za kukata rufani zina hesabu.