Kila Waya na Mlinzi Wake: Habari za Kuongeza Njia za Umeme Ndani ya Gari

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo lililo dogo kwa macho lakini kubwa kwa matokeo yake, nalo ni namna ya kuongeza njia za umeme ndani ya gari, na sababu ya kila njia kuwa na fyuzi yake. Nasema hasa na madereva na mafundi wa Karatu, na wote wawapelekao wageni Ngorongoro. Lakini hata mwenye gari la kuchukulia vitunguu vya Mang'ola atapata faida akitega sikio.

Yafaa kwanza tutazame hali ya kazi yenyewe. Gari litokalo Arusha hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, likapanda ukuta wa Bonde la Ufa, likafika Karatu, na kisha langoni Lodoare. Kutoka hapo hupanda mpaka ukingo wa kreta, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,200, ndipo likashuka mita 600 hivi mpaka chini kwenye wanyama. Katika safari hiyo abiria huomba mambo mengi. Mmoja ataka kutia umeme katika simu yake, wa pili katika betri za kamera. Maji ya kunywa yawe baridi ndani ya friji. Na redio ya mawasiliano isinyamaze. Gari lilipotoka kiwandani halikutengenezwa kwa kazi hizo zote. Kwa hiyo hupelekwa kwa fundi ili liongezewe, na hapo ndipo hatari huanza, ikiwa kazi imefanywa kwa haraka.

Njia ya haraka tunaijua sote. Fundi hutafuta waya wowote wenye moto, pengine ule wa taa ya ndani au wa redio, akaumenya, akaunga waya wa pili, akazungusha tepu nyeusi, kazi ikaisha. Siku ya kwanza kila kitu chafanya kazi. Siku ya pili mgeni mwingine achomeka kifaa kingine, na fyuzi yaungua. Dereva yu mbali na duka, basi achukua karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, au kipande cha waya, akakitia mahali pa fyuzi. Taa zawaka tena, naye afurahi. Kumbe amemfukuza mlinzi, na mlango ameuacha wazi.

Ili tuelewe vema, natutumie mfano wa shamba. Wakulima wa Mang'ola hunywesha vitunguu vyao kwa maji ya chemchemi yaletwayo kwa mifereji. Mfereji mkubwa hugawanyika katika mifereji midogo, na kila mmoja una mahali pake pa kufungia. Ukiupitishia mfereji mdogo maji ya mfereji mkubwa, kingo zake zitabomoka, na jaruba la jirani litaharibika. Waya nao ni mfereji. Waya mwembamba hupitisha umeme kidogo. Ukilazimishwa kupitisha mwingi hupata moto, ganda lake la plastiki huyeyuka, na kitambaa cha kiti kilicho karibu huweza kushika moto.

Fyuzi ni uzi wa madini uliofanywa mwembamba kwa makusudi, ili ukatike kabla waya haujapata moto wa kudhuru. Thomas Edison wa Marekani alipata hataza ya fyuzi mwaka 1890, naye aliiweka katika mpango wake wa kugawa umeme majumbani. Na kanuni ile ya majumbani ndiyo itumikayo garini hata leo. Hapa nataka mkumbuke neno moja kuliko yote: kazi ya kwanza ya fyuzi ni kulinda waya. Kwa hiyo ukubwa wa fyuzi hupimwa kwa kadiri ya waya. Anayetoa fyuzi ya ampea 10 akatia ya ampea 30 kwa kuwa ile ndogo yaungua mara kwa mara, amefanya sawasawa na yule wa karatasi ya sigara. Fyuzi iunguapo yatoa habari: ama waya umepiga shoti, ama mzigo umezidi. Yakupasa kutafuta sababu kwanza.

Pengine mtu atauliza, “Betri ya gari ni ya volti 12 tu, haimwui mtu; mbona watutisha?” Ni kweli kwamba volti 12 hazitupi mtu chini kama umeme wa nyumbani. Lakini betri ya kuwashia injini huweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mwembamba ukigusa bodi ya gari bila fyuzi, huwa mwekundu kwa muda mfupi sana. Na fikirini jambo hilo likitukia chini ya kreta. Wageni hawaruhusiwi kushuka ovyo ovyo, ila mahali palipotengwa, kama vile Ngoitokitok. Na simba hawaulizi sababu ya mtu kushuka. Tena magari yote yatakiwa yawe yametoka kreta ifikapo saa 12 jioni. Gari linalofuka moshi hapo ni msiba, na hata gari lisilowaka tu ni taabu kubwa.

Basi sasa natufanye hesabu. Hesabu yenyewe si ngumu: chukua wati za kifaa, ugawanye kwa volti 12, utapata ampea. Lakini angalia kwanza kama gari lako ni la volti 12 kweli, maana malori mengi na magari mengine ni ya volti 24.

Tuseme tuna soketi 6 za simu, kila moja wati 10. Jumla ni wati 60, yaani ampea 5. Ongeza kidogo kwa nguvu inayopotea, tuseme 6. Friji ya wati 60 nayo huvuta ampea 5. Inveta ya kugeuza umeme kuwa volti 230 kwa ajili ya kamera, ikitoa wati 300, huvuta ampea 25, na pamoja na upotevu hukaribia 30. Jumla ya vitu hivi vitatu ni ampea 41. Waya wa taa ya ndani utawezaje kuchukua mzigo huo?

Dawa yake ni hii. Toa waya mmoja mnene, wa milimita za mraba 16, moja kwa moja kutoka kichwa cha betri. Karibu na betri, umbali usiozidi shubiri moja, tia fyuzi kuu ya ampea 60. Sababu ya kuiweka karibu ni kwamba kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi wowote. Kiwe kifupi iwezekanavyo. Waya huo upeleke ndani mpaka kwenye sanduku jipya la fyuzi. Hapo ugawanye njia: soketi za simu zipate waya wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 10. Friji ipate waya wa 4 na fyuzi ya 15. Inveta ipate waya wa 10 na fyuzi ya 40. Redio ya mawasiliano nayo ipewe njia yake peke yake, ili simu ya mgeni ikileta shoti, dereva asikose sauti ya kuombea msaada. Kabla ya kuongeza lolote, soma kibao cha alteneta uone kama yaweza kulisha vitu hivi pamoja na taa na mashine nyingine za gari.

Fyuzi bapa za siku hizi zina rangi zake, ili mtu asikosee: ampea 10 ni nyekundu, 15 ni buluu, 20 ni manjano, na 30 ni kijani. Weka akiba ya kila aina ndani ya gari, wala haigharimu mengi.

Yawezekana mmeshangaa kwa nini friji ya ampea 5 ipewe waya mnene hivyo. Ni kwa sababu ya umbali. Magari ya wageni mengi yamerefushwa, na friji hukaa nyuma. Waya ukienda mita 5 na kurudi mita 5, umeme umesafiri mita 10. Ukitumia waya wa milimita ya mraba 1, karibu volti 0.9 zitapotea njiani. Ukitumia wa 4, zitapotea kama volti 0.2 tu. Upungufu huo wa kwanza watosha kuidanganya friji, ikadhani kwamba betri imechoka, ikajizima. Fundi atabadili friji mara mbili, na kumbe kosa ni la waya.

Neno jingine ni la usiku. Gari hulala ukingoni kwenye baridi, na asubuhi mapema sharti liwake. Friji ikivuta kwa wastani ampea 3 tangu saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, itakuwa imekula ampea-saa 36. Betri ya ampea-saa 70 imepoteza nusu yake, na huku baridi imeipunguzia nguvu na kuyafanya mafuta ya injini kuwa mazito. Kwa hiyo njia hizi mpya zipitishwe kwenye rilei. Rilei ni swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme: waya mwembamba kutoka kwenye ufunguo huiamuru, na waya mnene hupitisha mzigo. Ukizima gari na kutoa ufunguo, vitu vyote vya wageni huzimika vyenyewe. Kama ni lazima friji ifanye kazi usiku kucha, ipewe betri yake ya pili, iliyotengwa na ile ya kuwashia injini.

Sasa kuna adui wawili wa nchi yetu hii: mtikisiko na vumbi. Barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati hutikisa kila kitu kilichomo garini. Waya upitao kwenye tundu la chuma husagwa polepole mpaka ganda lake liishe. Ndipo hupiga shoti, pengine baada ya mwaka mzima. Basi kila tundu liwekewe pete ya mpira, na kila waya ufungwe vizuri pasipo kuning'inia, mbali na bomba la moshi na viungo vinavyocheza. Vumbi jekundu la Karatu huingia kila mahali, na lile la kando ya ziwa la magadi lililomo ndani ya kreta lina chumvi, nayo hula madini. Viungo vibanwe kwa koleo lake maalum, vifunikwe, na sanduku la fyuzi liwe na kifuniko kilichokaza. Waya wa kurudia umeme nao usisahauliwe: ufungwe mahali palipokwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae, na unene wake usipungue ule wa waya uendao.

Mwisho, utaratibu wa kazi. Kabla ya kuanza, fungua kwanza waya wa betri ulio upande wa hasi. Ukimaliza, urudishe huo baada ya mingine yote. Ukianza na upande wa chanya, spana ikiteleza na kugusa bodi, cheche zitaruka mkononi mwako. Kila njia iandikwe jina lake juu ya sanduku, ili dereva wa kesho, asiyekujua wewe wala kazi yako, aijue fyuzi ya friji na fyuzi ya redio. Kisha washa vitu vyote kwa pamoja muda wa nusu saa, gari likiwa limesimama Karatu, ukapapase kila waya na kila kiungo. Kilicho na moto mkononi mwako hapo kitawaka mbele ya safari.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Gharama ya sanduku la fyuzi, rilei moja na mita chache za waya mzuri ni ndogo sana ikilinganishwa na thamani ya gari, sembuse roho za watu waliomo. Mgeni hataziona kazi hizi, maana zimefichwa chini ya viti. Lakini dereva ashukaye kreta alfajiri ajua ya kuwa kila waya nyuma yake una mlinzi wake, naye aweza kuyaelekeza macho yake yote njiani.